Jiwe Lako Limeishia Kwenye Bakuli

Dada Asia, shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuachia.

Jiwe uliloniagiza kwa ajili ya kopo lako la mawe nililipata Masasi, kwenye pango la popo. Lilikuwa jeupe, linameta kama sukari. Mjomba alisema ni fosfeti adimu, imetokana na mavi ya popo, na imedumu kwa sababu mle pangoni ni pakavu. "Likilowa tu, basi tena."

Leo tumefikia kwa Mama Bakari, Newala. Akaliona mkononi mwangu. "Mavi ya popo hayaingii kwangu, mwanangu. Lioshe kwanza." Akanichotea kata nzima ya maji. Huku maji hupandishwa kutoka bondeni, na siku hizi za biashara huria yanauzwa kwa ndoo. Niliona haya kumkatalia, dada. Nikalisugua kwenye bakuli huku najua.

Likaisha vidoleni. Mama Bakari akachungulia: "Kumbe ulikuwa unatembea na chumvi?"

Maji yale nikaumwagia mche wa mkorosho nyuma ya nyumba, maana fosfeti ni mbolea. Nisamehe. Mche ukizaa, korosho ya kwanza ni ya kopo lako.

Mdogo wako akupendaye,
Salma