Masomo Yangu, Jina la Elikana

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Daftari, samahani. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari. Maneno yalikuwepo — ila mtoto mgongoni, usingizi machoni, kalamu hata sijui ilikuwa wapi. Happy anaota meno, ananyonya kama mtu anayedai haki yake. Bado tuko palepale Mushasha, chumba kimoja nyuma ya shule. Kengele ya wanafunzi ndiyo saa yetu.

Leo kuna jambo. Ngoja niliweke sawa.

Mwezi wa tatu mume wangu Elikana alijiandikisha kwenye jukwaa la kazi la mtandaoni, kule kituo cha vijana. Unaingia kwa simu, unasoma masomo mafupi, unafanya mtihani, na duara la kijani linajaa kadiri ujuzi wako unavyoongezeka. Waajiri wanaliona. Elikana ni fundi muashi. Somo la kwanza tu akasinzia, akasema hilo duara halijawahi kubeba tofali. Simu ya intaneti ni yake, mimi nina kitochi. Basi akirudi kula mchana, Happy akilala, nikawa naichukua na kuendelea alipoachia. Kutunza stoo. Kupokea mzigo. Kumjibu mteja mwenye hasira. Kuandika barua ya kazi. Nikaenda hivyo miezi yote hiyo, duara likajaa karibu lote. Jina sikulifikiria. Nilikuwa nafurahi tu kuona kwamba kuna vitu navijua.

Leo ujumbe umeingia. Depo moja ya mbegu na mbolea hapa Gitega inatafuta mtunza stoo. Wamependa profaili. Wanataka mtu aje kwa mahojiano na jaribio la vitendo, Jumatatu tarehe 27.

Wanamtaka Elikana.

Ameusoma akiwa mlangoni, amenikumbatia na vumbi lake lote. "Tumeitwa," anasema. Tumeitwa! Nikacheka naye. Ni baadaye, naosha vyombo, ndipo nikajiuliza: sisi kina nani?

Jumatano, 8 Oktoba

Wifi Emerensiana amekuja kutoka Gishubi na maharage. Amefurahia habari kuliko sisi wenyewe. Kwake hakuna swali: kazi imekuja nyumbani, mwanamume aende. Mimi nimfundishe, si najua tayari? Nina mtoto wa kunyonya, na depo si mahali pa kunyonyeshea. Hasemi kwa ubaya. Anasema huku anampangusa Happy kamasi kwa kitenge chake mwenyewe.

Nikamsomea kile nilichoandika pale wanapouliza uzoefu wa kazi. Niliandika ukweli wangu: kabla ya kuolewa nilikuwa dukani kwa Mama Salama, Muyinga mjini, duka la vitenge, chumvi na sabuni. Kwa hiyo kwenye jukwaa Elikana amekunja vitenge miaka miwili, na wamama wa Muyinga walipenda anavyowachagulia rangi.

Wifi alicheka mpaka akamweka mtoto chini. Akamuuliza mdogo wake atavaa kitenge gani siku ya mahojiano. Elikana akacheka pia. Kidogo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimejaribu kumfundisha. Naandika ili nisije nikajiambia sikujaribu.

Nimepanga makopo uani. Nikamwambia hizi ni mbegu za mahindi: haya yalikuja msimu uliopita, haya jana. Mteja amefika, unatoa lipi? Akachukua lililo karibu na mlango. Kwa nini? Kwa sababu liko karibu na mlango. Nikamweleza kwamba ya zamani hutoka kwanza, yasije yakaharibikia nyuma bila mtu kujua. Akaitikia. Tukarudia. Akachukua la karibu na mlango.

Tukaangaliana. Huyu mtu, ukuta uliopinda anauona akiwa barabarani. Lakini hili si lake.

Akasema polepole, "Mi niko na miezi bila chantier, bila hata ukuta mmoja wa kujenga, Mama Happy. Nikikataa hii, tutakula nini?"

Kweli. Saruji haipatikani, na hilo si kosa lake. Nikamshika mkono, ule mkono wake mgumu. Nikasema: "Hutaenda na masomo yangu. Wakikuuliza habari za Mama Salama utajibu nini?"

Akaokota makopo, akayapanga kando ya ukuta. Ya zamani mbele. Sasa ndiyo anayapanga!

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua. Hatujasemezana sana, wala hatujagombana. Kwenye ule ujumbe kuna sehemu mbili za kubonyeza, "Nakubali" na "Siwezi". Hakuna iliyobonyezwa. Simu iko juu ya kabati, kila mtu anapita kando yake.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeenda kituoni kwa Raissa, yule msichana anayesimamia mambo ya jukwaa. Nimemweleza yote, Happy akinivuta kilemba. Nilidhani atashtuka. Hapana. Anasema simu za waume zimejaa masomo ya wake zao. "Huku kuna wababa wako na sertifika ya kushona," amesema, na hakucheka hata kidogo.

Kuhamisha masomo haiwezekani. Akaunti inafuata namba na kitambulisho. Lazima nifungue yangu. Masomo si lazima niyarudie, nifanye mitihani tu kwenye kompyuta ya kituo, nikifaulu duara litajaa. Lakini mwajiri hataniona mpaka nilete cheti halisi cha shule, na mtu aliyenisimamia kazini athibitishe kwa maandishi.

Nikauliza, na Elikana akienda hivyohivyo? Raissa akaacha kuandika. "Mi siwezi kumzuia. Lakini siku ya kwanza kwenye stoo, watamjua. Na we utakuwa umefungiwa mlango na mtu wako mwenyewe."

Nimefanya mitihani miwili hapohapo. Nimefaulu yote miwili. Juu ya ukurasa, jina langu: Upendo. Kijani chembamba kama ukucha. Nimekiangalia mpaka Happy akaanza kulia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimempigia Mama Salama. "Binti we, uliolewa ukapotea kama sukari." Sauti ileile, na mteja anasubiri nyuma.

Amekubali kuandika. Lakini ataandika anachokijua: kwamba hesabu zangu za mzigo zilikaa sawa, kwamba sikuondoka na hata uzi, na kwamba nilikuwa mkali kwa wanaopapasa vitenge bila kununua. Nimemwambia aandike vyote. Akauliza mume wangu anasemaje. Nikasema bado anafikiri.

"Muache afikiri. Ila we usimngoje."

Jumatatu, 20 Oktoba

Asubuhi Elikana ametoa simu juu ya kabati, ametoka nje. Nikajua anakwenda kukubali. Sikumfuata. Nilikaa na Happy akinyonya, nikasikiliza.

Akapiga namba ya depo.

"Mzee, yule aliyesoma si mi. Ni mke wangu. Mi ni masoni, fundi wa kujenga."

Halafu ndiyo mzee, ndiyo mzee, pole mzee.

Alirudi ndani shingo imelowa jasho. Huyo mzee, Nazario, mkuu wa depo, amekasirika, amesema wanampotezea muda. Kisha akauliza: huyo mke amefanya kazi dukani kweli? Profaili yake ikionekana kamili kabla ya Ijumaa jioni, ataiangalia pamoja na za wengine. Haahidi kitu.

Elikana akabonyeza "Siwezi" mbele yangu. Happy akampanda tumboni. Nikamuuliza, basi tumepata au tumekosa?

"Mi sijui. We maliza mitihani."

Nilitaka kumwambia neno zuri. Nimempikia ndizi.

Jumanne, 21 Oktoba

Mitihani yote nimefaulu isipokuwa Kifaransa cha ofisini. Narudia kesho. Elikana naye amepata kibarua, kujenga ukuta wa ghala Gishubi, anaanza Jumatatu hiyohiyo ya mahojiano. Alitaka akikatae akae na mtoto. Nimesema hapana, aende.

Kuna dereva anatoka Muyinga Alhamisi asubuhi, ataniletea vitu vyangu. Jioni hii nampigia mama kule Butihinda, na salio ni dogo, kwa hiyo naandika kwanza ya kumwagiza nisije nikasahau. Cheti changu cha shule ya kambini, tulipokuwa wakimbizi, chenyewe, asitoe kopi. Karatasi ya kurudi nchini, yenye jina langu na la baba. Barua ya Mama Salama, iwe na muhuri wa duka na namba ya simu isiyozimwazimwa. Viatu vyeusi, kama mdogo wangu hajavimaliza. Na mama mwenyewe. Najua ni wakati wa kupanda. Aje Jumapili alale na Happy, amzoee, hata kama Nazario atakuwa bado hajajibu.