Kikohozi cha Jumapili

Kaka yangu mpendwa,

Kabla hata sijakusalimia, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: kile kikohozi changu cha Jumapili hakikuwa ugonjwa. Sijawahi kuwa na kifua.

Sasa nakusalimia. U hali gani huko melini? Jiko lao halijakuunguza? Sisi tupo, tunapumua tu. Mama hali kitu, akiulizwa anasema ameshiba. Najua umeumia kukosa kumzika baba, kwa hiyo nitakueleza yote, ila usiisome barua hii mbele ya wenzako.

Watu walijaa. Watoto aliowashonea mipira iliyopasuka walikaa mbele kabisa, na hakuna aliyewafukuza. Baba mdogo alisoma wasifu: fundi viatu hodari, mume mwema, baba aliyeipenda familia yake kupita kiasi, mpenda michezo aliyeshika kibendera pembeni mwa uwanja miaka yote bila kumpendelea mtu. Hapo akasita, akasema hata yeye, ndugu yake wa damu, alikataliwa bao lake na hajasamehe mpaka leo. Watu wakacheka huku wanalia. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana bao lile nililikataa mimi.

Unakumbuka baba alivyokuwa akimenya viazi huku anasikiliza mpira redioni, anamfokea refa, mama anamwambia refa hamsikii, labda sufuria? Unakumbuka alikuwa ananichana nywele kabla ya shule? Ulipoondoka, ile njia ya nywele ilianza kupinda. Nikadhani ana haraka. Halafu asubuhi moja akamimina chai pembeni ya kikombe, upande wa kulia, akaendelea kumimina.

Nilipomuuliza, alinishika mkono akanisihi nisimwambie mtu. Jicho la kulia lilikuwa limezimika. Alisema wakijua watamnyang'anya kibendera, na mama ataanza kumlilia angali hai. Basi tukakubaliana: nikae nyuma yake kwenye nyasi, na mchezaji wa upande ule akiotea, nikohoe.

Mama maskini akanipeleka zahanati. Daktari alinipima kifua akasema ni kizima, mama akasema labda kile kipimo ndicho kibovu. Akaninunulia dawa ya maji, chungu ajabu. Nilimaliza chupa nzima, baba amekaa anatazama sakafu. Na lile bao la baba mdogo, kaka, hakuotea. Vumbi liliniingia kooni.

Barabarani nilikuwa natembea kuliani kwake siku zote. Siku ile nilikuwa kwenye chumba cha mtihani. Aliondoka peke yake, mpira wa shule aliokuwa ameushona ameubana kwapani, aje anisubiri getini turudi wote. Hakufika getini.

Muuza mikate, yule yule aliyekuwa anatuletea mikate kila asubuhi kwa pikipiki, anaapa kwamba alipiga honi, na baba badala ya kukwepa akarukia upande uleule wa pikipiki, kama mtu asiyeona. Hakuna anayemwamini. Baba mdogo anauliza, mtu aliyeona kidole cha mguu kikivuka mstari anakosaje kuona pikipiki iliyobeba kreti za mikate? Wamemweka ndani. Jumatatu anapelekwa mahakamani, na baba mdogo ndiye atakayesimama kueleza jinsi macho ya ndugu yake yalivyokuwa makali. Hata wewe ulisema kwenye simu aozee hukohuko. Juzi mke wake alikuja akasimama mlangoni. Mama alimtazama, akafunga mlango.

Kaka, yule mtu anasema kweli, na ninayejua ni mimi tu. Baba aliniapisha. Nikisema, watazicheka Jumapili zake zote. Watasema alikuwa kipofu mwenye kibendera. Watauliza kwa nini mtoto aliyejua alimwacha atoke peke yake. Nisiposema, kila mkate nitakaoukata mezani utaniuliza. Jana wakati wa chakula nilifungua mdomo, nikajikaza niseme. Kikatoka kikohozi. Mama akainuka akaenda kuitafuta ile chupa ya dawa.

Nilitaka uniambie la kufanya, lakini majibu yako yatafika Jumatatu imeshapita. Mimi naamini baba angeinua kibendera, hata dhidi yake mwenyewe. Naamini, sina hakika. Nimechoka, kaka.

Nasikia kandambili za mama, anakuja huku. Tangu asubuhi kila akipita nausukuma ukurasa huu chini ya godoro. Wasalimie wapishi wenzako, na ujifunike vizuri, huko najua kuna baridi. Ameshafika mlangoni, anauliza naandika nini.

Siufichi. Ukiipata barua hii, ujue mama ameisoma kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
yule mnayeniita Kimya.