Damu Tunayojidai Kuijua

Mwanangu Hodan,

Salaam aleikum huko Nairobi ulikokimbilia. Naandika gazetini, mbele ya kila msomaji, kwa sababu ulitukanwa mbele ya kila jirani.

Unakumbuka daktari alivyotuchorea kifua cha Idris wako kwenye karatasi? Mtoto wa miezi mitano, mapafu yamejaa, mdomo umeota utando mweupe. Alichora tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, akasema humo ndimo seli za kinga hufundwa. Kila seli hukata vipande vya jeni zake yenyewe na kuviunga upya, mpaka ipate kipokezi cha kumtambulia adui. Ikishindwa, inakufa. Ikifaulu, ndipo inachagua ukoo wake: iwe ya kuua au ya kusaidia. Za Idris hazikufika huko. Mkasi wa kukatia jeni ulikuwa mbovu tangu tumboni.

Uliuliza, "Ni mimi?"

"Ni nyinyi wawili, mama. Nakala moja mbovu ya jeni ya mkasi huo kwako, moja kwa baba yake; mtoto akazirithi zote mbili. Na nyote wazima kabisa."

Ukanitazama. Mumeo ni mtoto wa kaka yangu, na ni mimi niliyewaoza.

Tulipomzika Idris, ami yako, huyo baba mkwe wako, alisema, "Tumbo la huyu lina laana." Shangazi zako wakaitikia. Ukapewa talaka kabla hata ya arobaini. Mimi, ninayegombana na mji mzima kwa kalamu, niliendelea kukoroga chai.

Sasa sikia uchafu wenyewe. Jumamosi walikuja hapa Chechelesi kumposa mdogo wako Sahra, kwa ajili ya mwanamume yuleyule aliyekuacha. Ami yako anacheka: "Tunabadilisha tumbo tu, ndugu yangu. Damu tunaijua."

Nikamuuliza, "Mwaka jana ulienda Oldonyiro kufanya nini?"

"Kununua beberu."

"Si ulikuwa na beberu?"

"Aah! Yule angewapanda binti zake. Vitoto vingetoka dhaifu. Nani hajui?"

"Kwa mbuzi una akili, kwa watoto wetu huna."

Akafoka kwamba namfananisha na mnyama. Nikamwambia hapana, wanyama wake wanatunzwa.

Lakini uchafu huo si wake peke yake. Huenda mimi na yeye ndio tulioibeba nakala ile kutoka kwa mzazi mmoja, tukaiingiza nyumbani mwako kwa pilau na vigelegele, kisha tukakutwisha wewe aibu. Hakuna ajuaye kama Sahra naye anaibeba. Hakuna aliyetaka hata apimwe.

Bila idhini yangu hakuna nikaha. Nimekataa. Ami yako ametema mate mlangoni, akasema mimi si ndugu yake tena. Na iwe hivyo.

Sahra alikuwa nyuma ya pazia muda wote. Walipoondoka alitoka, hakunishukuru. Aliuliza tu, "Aabo, mbona hukusema hivi kwa ajili ya Hodan?"

Mdomo nilikuwa nao, mwanangu. Ni huuhuu.

Mimi baba yako.