Jua Jeusi la Wening

Klaten, 20 Juni 1983

Warsini mdogo wangu, Wening amelipiga picha jua lililopatwa! Yule yule mwanangu uliyemwogesha akiwa mchanga. Mtaa mzima hakuna mwenye picha hiyo ila mimi mama yake.

Haya, sasa salamu. Hamjambo huko Lampung? Shemeji kikohozi kimemwacha? Sisi wazima na mfungo tunaendelea nao vizuri, ingawa tangu siku ile jua lilipopatwa nikisikia mlango unafungwa moyo hunipaa.

Unajua Wening ana miaka mitatu pale studio, na kazi yake ni kuosha picha za wenzake katika chumba cha giza. Kamera yao hagusi. Mwenye studio alimwambia, "Niletee jua lililopatwa, ndipo nikutume kupiga picha harusini." Alikuwa akimcheka.

Basi gari la serikali likapita na kipaza sauti: siku ya kupatwa kwa jua watu wote ndani, madirisha yazibwe, atakayetazama atapofuka. Siku ilipofika nikafunga mlango, ufunguo nikauchomeka kwenye mshipi wangu. Wening alinililia weee, sikutoa. Tukakaa kama kuku waliofunikwa tenga. Kumbe mwenzangu kaweka ngazi jikoni, kaondoa vigae viwili vya paa!

"Shuka, utapofuka!"

"Nina kioo cheusi cha wachomeleaji, Mama. Wewe shika ngazi, inacheza."

Nikaishika, uso nimeufunika kitambaa. Dakika tano nzima nilisikia tu kamera aliyoiazima, na majogoo wakiwika saa tano na nusu mchana.

Halafu filamu ikakwama ndani ya kamera. Haiendi mbele, hairudi nyuma, na ukifungua penye mwanga yote inaungua. Wening hakutaka kuipeleka studio. "Wakiniambia imeharibika, nitajuaje kama ni kweli?" Tukaingia bafuni, tukaziba kila tundu kwa nguo, na mlango ule usioshika komeo nikauzuia kwa mgongo. Giza totoro, joto, pumzi hakuna. Ndipo jirani yetu Bi Jumirah, tunayechangia naye bafu, akaanza kusukuma.

"Mama Wening, fungua, nimebanwa!"

"Hata sisi tumebanwa!"

"Mmemficha mwanamume humo?"

"Tumelificha jua! Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa!"

Akasukuma, nikasukuma. Vidole vya Wening vikaizungusha ile filamu polepole, mpaka nikasikia kifuniko cha mkebe wake usiopitisha mwanga kikibana. "Sasa fungua, Mama." Nikafungua.

Dawa ya kuoshea picha ilipomaliza kazi, tukakuta majua yamerundikana moja juu ya jingine. Moja tu limesimama peke yake: jeusi ti, nywele nyeupe zimelizunguka, na pembeni ukingo wa kigae changu. Nililia, Warsini. Lilikuwa juu ya kichwa changu, nami nimejifunika uso.

Mwenye studio aliigeuza geuza picha, akauliza ni nani aliyempigia. Wening akamjibu, "Njoo nikuonyeshe ngazi." Harusi ya kwanza baada ya mfungo ni yake, kamera shingoni!

Nisalimie Shemeji, na mwanao Tugiman, na bibi yake. Mungu awape nafasi na afya. Picha nimeitundika sebuleni. Bi Jumirah na wote waliojifungia siku ile wanakuja kulitazama jua lao. Nanyi pandeni meli mje. Ufunguo wa nyumba sasa anao Wening. Tunawangoja siku ya pili ya Lebaran, mfungo ukiisha.

Dada yako akupendaye sana,
Sukapti