Mstari Niliouingiza Kitabuni

Ndugu yangu Mwana Esha, umbu langu la pekee,

Nakuandikia nikiwa na kitabu cha fiqhi cha babu mbele yangu, kile nilichokinakili hapa Siyu huku ukinishikia kurasa zisipeperuke. Ulikuwa na miaka minane. Uliniuliza kwa nini babu aliandika pembeni kwa wino mwekundu.

"Nyamaza, utanikosesha," nilikujibu.

Nilikosa hata hivyo. Pale pembeni babu aliandika kwamba msichana asiyekeketwa haolewi. Ilikuwa kauli yake juu ya desturi ya mji. Mimi nilidhani ni maneno yaliyosahauliwa na mnakili wa kwanza, nikayaingiza katika nakala yangu, katikati ya maneno ya mwandishi.

Mama alikuwa akisita kukukeketesha, kwa kuwa homa ilikuwa imekudhoofisha. "Tusomee, mwanangu," alisema. "Kitabu kikinena, mimi sina la kusema." Nilisoma, nikafasiri. Kesho yake Bi Rukia, ngariba wetu, alikuja na wembe.

Ulipona, kama wanavyoita wao kupona. Ulipokuja kujifungua, mkunga alitwambia kovu limekataa kutanuka. Mtoto alitoka hai. Wewe ulitokwa na damu mpaka ukatuacha.

Mwanao Siti sasa ana umri ule ule. Ijumaa iliyopita wanawake walikusanyika kwetu kwa ajili yake, mama akaleta nakala yangu ili nisome kama siku ile. Nami nikaleta na kitabu cha babu, nikavifunua vyote viwili.

"Maneno haya ni ya babu, si ya kitabu. Niliyaingiza mimi."

Bi Rukia alipiga kofi akicheka. "Haya! Tangu Wangereza watweke bendera Amu, wanaume nao wanaogopa wembe!"

Wote walicheka isipokuwa mama. Aliweka kidole juu ya wino mwekundu.

"Esha alikatwa kwa mstari huu?"

"Kwa mstari huu, mama, na kwa mkono wangu."

Alikifunga kitabu. "Bi Rukia, enda zako. Hapa huna kazi."

Sikuufuta mstari katika nakala yangu. Nimeuzungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: *Haya si ya kitabu. Yalimuua umbu langu.* Nakala mbili zilizotokana na yangu ziko Ndau na Amu, nitazifuata nizisahihishe.

Siti ndiye aliyenishikia kurasa. Aliniuliza nimeandika nini. Nilimsomea.

Lala salama, Esha.

Kaka yako, mnakili