Chumba cha Madoa

Jumatano, 14 Aprili 1965
Wageni wa Pasaka wamejaa hoteli nzima. Suti thelathini na mbili mezani — nta, mafuta, mchuzi. Pipa jipya la tetra limefika. Kwenye kibandiko jina lake refu: kaboni tetrakloridi. Ajabu ya dawa hii! Angavu kama maji, lakini nzito kuliko maji, na harufu yake tamu. Yatoa doa la mafuta na sufu hainywei. Wala haishiki moto. Jiko lilipowaka mwaka juzi, wapishi walizima kwa mtungi wenye dawa iyo hiyo.

Meneja alalamika harufu yafika chumba cha kulia. Kaniamuru dirisha la chumba cha madoa lifungwe, lisifunguliwe tena. Mimi ndiye nyapara wa madobi. Nimelipigilia misumari minne.

Alhamisi, 15 Aprili
Randu, dobi wangu wa madoa, amesafisha suti kumi na tisa peke yake, ameinama juu ya beseni tangu asubuhi. Nilipoingia, kizunguzungu! Nikatoka. Yeye akacheka. Asema hii yalevya kuliko mnazi. Alipotoka kazini akapitia kwa mgema, kama kawaida yake. Mimi sinywi.

Jumamosi, 17 Aprili
Randu hakuja. Nimekwenda kwake Ukunda. Jumwa, mkewe, akaniamkia vizuri, lakini uso umemsawijika kwa wasiwasi. Mumewe ametapika tangu jana, hata maji hayakai tumboni. Meneja asema ni ulevi tu.

Jumatatu, 19 Aprili
Macho ya Randu manjano kama binzari! Na tangu jana hajapata haja ndogo. Tumempakia kwenye lori la makuti hadi hospitali ya Msambweni.

Jumatano, 21 Aprili
Daktari — Muhindi, kijana, mpole — aliniuliza kazi ya Randu. Nilipoitaja tetra akaweka kalamu chini. Asema mvuke wake ni mzito, hutuama chumbani, na mtu huuvuta bila kujua kiasi gani. Huingia damuni. Huharibu ini, kisha figo. Na mwenye kunywa pombe humdhuru zaidi. Hakuna dawa ya kuuondoa.

"Chumba kina dirisha?" akauliza.

"Lipo moja."

Misumari sikuitaja. Ee Mola!

Jumapili, 25 Aprili
Randu amefariki alfajiri. Uso ulivimba hata sikumjua. Kesho azikwa kwao Kinango.

Jumwa hakulia mbele yetu. Aliniuliza jambo moja tu. "Kaka Mwinyihaji, mlikuwa kazi moja. Mbona wewe u mzima?"

Nikasema Mungu ajua. Kweli ajua. Lakini nami najua.

Jumanne, 27 Aprili
Asubuhi nimekuta misumari imeng'olewa. Yamebaki matundu manne kwenye mbao, na dirisha li wazi, upepo waingia.

Saa nne meneja akaniita. Karatasi ilikwisha pigwa taipu: kwamba Randu alikuwa akija kazini amelewa, kwamba dirisha halikufungwa hata siku moja. Nitie sahihi. Akanikumbusha nina watoto watano. Akanikumbusha pia nani alishika nyundo.

Nimeomba nikaisome nyumbani. Mke wangu Mwanafatuma kanisoma uso, kaondoa sahani bila kuuliza.

Alhamisi, 29 Aprili
Ofisa wa Leba, idara ya kazi ya serikali, amefika kutoka Mombasa kuchunguza kifo cha Randu. Yumo ofisini na meneja. Naandika hapa nje, kwenye benchi. Karatasi i mfukoni, haina sahihi. Jumwa ameketi kando yangu, amejifunga kaniki.

Nimemwambia. Imetoka yenyewe.

"Shemeji, dirisha nililipigilia mimi. Niliamriwa, lakini mkono ulikuwa wangu. Nilihisi kile kizunguzungu, nikatoka, nikamwacha mle ndani."

Kanigeukia. Nilidhani atanitemea mate. Sikuwa na haki ya kujifuta.

"Mume wangu alijua kwamba ni sumu?"

"Hakujua. Wala mimi, siku ile."

"Na hayo utayasema mle ndani?"

Nimesema ndiyo.

"Basi nitasimama mlangoni," amesema. "Nisikie kwa masikio yangu."

Mlango umefunguliwa. Meneja atabasamu, aniita kwa jina kama rafiki. Sijainuka bado. Jumwa ameshasimama —