Rozari Yenye Kifungo cha Shati

Mshauri mpendwa, nishike mkono kabla ya Jumapili, maana nakaribia kwenda kubisha hodi kwenye nyumba ya wafiwa. Mimi ni mama wa watoto wanne, niliishia darasa la sita lakini uzazi wangu haukwenda bure, binti yangu wa kwanza ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, na sijisifu, hata madaktari wakishindwa kuupata mshipa humwita yeye. Siku alipoajiriwa nilimpa rozari ya marehemu mama yangu, aliyoisali mpaka punje moja ikapasuka, akaziba pengo kwa kifungo cheupe cha shati la baba, nikamwambia, "Mwanangu, hii ndiyo kinga yako, isitoke mfukoni." Basi mwezi jana mama mmoja alikuwa anakata roho, binti yangu akamshikisha rozari, wakasali, yule mama akafa nayo mkononi, binti wa marehemu akalia akiomba abaki nayo, na huyu wangu, mwenye moyo wa siagi, akampa! Nilipomuuliza akasema, "Mama, bibi angempa." Nikamjibu bibi yako ni mama yangu mimi, nikakata simu, na hii ni wiki ya tatu sipokei, ingawa ikilia moyo unaruka, maana anaingia wodini bila kinga. Nyumba nimeshaelekezwa. Niende kuidai?

Mama Muuguzi

Mama Muuguzi, pole. Kifungo kile ni mama na baba yako kwa pamoja, najua. Lakini kalamu yako imekusema: mara mbili umeandika "kinga". Kinga ni hirizi, mama, hufungwa kiunoni ikafanya kazi huku aliyeivaa akikoroma. Rozari hubarikiwa ili isaliwe. Punje ya mama yako haikupasukia mfukoni, ilipasukia vidoleni. Binti yako ameurithi mkono wa bibi yake, nawe unamnunia? Aibu!

Simu ikilia leo, pokea. Jumapili nendeni wote wawili, si kudai, bali kumwomba mfiwa msali pamoja kumi moja la rozari, lile lenye kifungo, kwa ajili ya mama yake na mama yako. Rozari ishike wewe. Ukifika kwenye kifungo, lia kama kilio kipo, maliza Salamu Maria yako, kisha mrudishie mfiwa, ndiye mwenyewe sasa.